Wasia wa Cecil Rhodes

Wengi wetu tumekwisha kulisikia jina la Rhodes katika masomo ya historia, maana nchi mbili, ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe, ziliitwa kwa jina lake. Mimi napenda kumweleza kwa upande wa wasia wake, kwa kuwa amekufa zamani, na fedha zake zingali zinasomesha vijana.

Cecil John Rhodes alizaliwa tarehe 5 Julai, 1853, katika mji wa Bishop's Stortford, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, alipelekwa Natal akiwa na miaka 17, kwa kaka yake aliyekuwa akilima pamba. Pamba haikumshika sana. Mwaka 1871 alikwenda Kimberley kwenye almasi, na huko ndiko alikotajirika.

Jambo linalonishangaza ni kuwa mali haikumfanya aache kusoma. Mwaka 1873 aliingia Chuo cha Oriel, Oxford, akawa akisafiri kwa meli baina ya masomo na machimbo, hata akapata digrii mwaka 1881. Mwaka 1888 aliunganisha machimbo katika kampuni ya De Beers, na mwaka 1890 akawa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape.

Sasa, mali hiyo ilipatikanaje? Wachimbaji Waafrika wa Kimberley walifungiwa kambini muda wote wa mkataba wao. Mwaka 1888 wajumbe wake walipata sahihi ya Mfalme Lobengula wa Wandebele katika mkataba wa madini. Mwaka 1893 kampuni yake ilipigana na Wandebele, nao wakanyang'anywa ardhi na ng'ombe. Mtu akimsifu Rhodes bila kuyataja hayo, simwamini.

Alikufa tarehe 26 Machi, 1902, akiwa na miaka 48, hana mke wala mtoto. Wasia wake wa mwaka 1899 uliagiza vijana wa makoloni ya Kiingereza na wa Marekani wasomeshwe Oxford kwa miaka mitatu. Wa makoloni walitengewa pauni 300 kila mwaka, fedha nyingi siku zile. Wajerumani waliongezwa mwaka 1901, na hapo hadithi inagusa kwetu: mwaka 1899 Rhodes alimwendea Kaizari Wilhelm huko Berlin kuomba waya wake wa simu upite katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania Bara. Kaizari alimpendeza mno.

Wanawake hawakuandikwa kabisa. Waliingia mwaka 1977, baada ya sheria ya Uingereza kubadilishwa. Lakini wasia ulisema mtu asikataliwe kwa ajili ya kabila wala dini. Wataalamu wengi huona kuwa Rhodes aliwafikiria Waingereza na Makaburu tu. Hata hivyo neno likiisha andikwa, mwenyewe hawezi tena kulizuia. Mwaka 1907 Alain Locke, Mmarekani mweusi, alishinda nafasi hiyo. Vyuo kadhaa vya Oxford vilimkataa, mpaka Chuo cha Hertford kikampokea. Baada yake ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla ya Marekani kumchagua mweusi mwingine.

Mwaka 2002 Nelson Mandela alikubali jina lake liunganishwe na la Rhodes katika mfuko wa kusomesha vijana wa Afrika. Wako waliomlaumu. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walidai sanamu ya Rhodes iondolewe, ikaondolewa tarehe 9 Aprili. Madai yakafika Oxford, na mmoja wa viongozi wake huko, kijana wa Afrika ya Kusini, alikuwa akisoma kwa fedha za wasia huo huo. Waliomwambia azirudishe aliwajibu kuwa zilikuwa mali ya wazee wake.