Sheikh Abdalla Saleh Farsy: mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi Mkuu

Nyumba nyingi za Waislamu hapa Mombasa zina ile Qurani nene yenye tafsiri ya Kiswahili, na jina la Sheikh Abdalla Saleh Farsy limeandikwa juu yake. Sisi wa rika langu hatukumdiriki. Tulimjua kwa kitabu hicho, na kwa wazee waliomtaja kama Kadhi Mkuu. Leo nataka kumzungumzia kwa jambo jengine ambalo halitajwi sana. Mtu huyu alisomea ualimu, na alikuwa mwalimu wa skuli miaka mingi kabla ya kukalia kiti cha ukadhi.

Alizaliwa Unguja mwaka wa 1912. Alianza kama watoto wenzake wa mji ule, chuoni, na kwa chuo nakusudia chuo cha Qurani, kwa sababu sisi watu wa Pwani tulikuwa na vyuo kabla neno hilo halijapewa majengo ya serikali. Kisha akaingia skuli ya serikali. Zama hizo za Mwingereza wazazi wengi wa Kiislamu walizitilia shaka skuli hizo, na serikali ililazimika kuingiza Qurani katika ratiba ili watoto waletwe. Farsy alipomaliza aliendelea na mafunzo ya ualimu huko huko Unguja, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akawa mwalimu wa skuli ya msingi.

Hapa ndipo maisha yake yanaponivutia. Mwalimu huyu mwenye cheti cha serikali hakuacha kuwa mwanafunzi. Alihudhuria darsa za mashekhe wakubwa wa Unguja, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Umar bin Sumeit. Katika njia hiyo hakuna mtihani wa siku moja. Mwanafunzi husoma kitabu mbele ya shekhe, mlango kwa mlango, hadi shekhe aridhike naye na kumpa ijaza, yaani ruhusa ya kukisomesha kitabu kile. Ijaza ina mnyororo wake: nani amesoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani. Hicho ndicho cheti cha ualimu ambacho Pwani hii ilikitumia kwa karne nyingi.

Kwa hivyo Farsy alikuwa na njia zote mbili mkononi, na alizitumia pamoja. Alikuwa bado mwalimu wa skuli alipoandika kitabu chake juu ya Seyyid Said bin Sultan. Baadaye akafanywa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, kazi isiyowezekana kwa mtu anayejua dini peke yake wala kwa anayejua ualimu peke yake. Akaongoza skuli iliyosomesha kwa Kiarabu, na mwaka wa 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar.

Ukiifungua tafsiri yake utauona mkono wa mwalimu. Kiswahili chake ni chepesi, na maelezo chini ya aya yamewekwa kama anayejua msomaji atakwama wapi. Walikuwepo waliomtangulia: kasisi Godfrey Dale alitoa tafsiri yake mwaka wa 1923, na Waahmadia wakatoa yao mwaka wa 1953. Farsy hakuridhika nazo na hakuficha, anazijibu humo humo. Yake aliitoa sehemu sehemu kwanza, hadi Islamic Foundation ya Nairobi ilipoichapisha nzima mwaka wa 1969.

Wakati huo alikuwa amekwishahamia kwetu. Mwaka wa 1968 alichukua nafasi ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akakaa hadi mwaka wa 1981. Msimamo wake juu ya bidaa uliwapendeza wengine na kuwaudhi wengine, na mjadala huo haujesha barazani. Mimi leo simo katika huo.

Ninachotaka kuuliza ni hiki. Mwaka mmoja kabla hajaja, 1967, Kenya iliunda tume ya kuajiri walimu, TSC. Leo anayetaka kufundisha sekondari kwa shahada anatakiwa awe na C+ ya jumla katika KCSE na C+ katika masomo yake mawili, asome ualimu chuo kikuu miaka minne, aende mazoezi ya kufundisha, kisha asajiliwe. Sheria ya mwaka wa 2012 inakataza kufundisha bila usajili. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Mtoto asikabidhiwe mtu ambaye hakuna anayejua amesomea wapi.

Lakini tazama somo la IRE. Maalimu aliyesoma fiqhi na tafsiri kwa mashekhe miaka ishirini, akashika ijaza, hana mlango. Kama hakufanya KCSE au alipata D, elimu yake yote mbele ya ofisi ya usajili ni sawa na sifuri. Upande wa pili, kijana anaweza kuhitimu ualimu wa IRE kwa alama nzuri na asiwahi kukaa mbele ya shekhe kusomewa kitabu kimoja hadi mwisho. Njia mbili alizozipita Farsy kwa miguu yake sasa hazikutani popote.

Sisemi maalimu apewe nambari ya TSC kwa sababu ya kanzu. Farsy mwenyewe hakuepa mafunzo ya ualimu. Nasema Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na chuo cha walimu cha Shanzu viko karibu na misikiti yenye darsa kila wiki. Ijaza ingeweza kupimwa na jopo la wanavyuoni na wahadhiri pamoja, ihesabiwe kama sehemu ya sifa za kuingia, kisha maalimu asomeshwe kupanga somo, kutunga mtihani na kumwelewa mtoto. Na mwanafunzi wa IRE wa chuo kikuu atakiwe kumaliza angalau kitabu kimoja cha fiqhi kwa shekhe kabla ya kwenda mazoezini.

Farsy alifariki Muscat, Oman, mwaka wa 1982. Miaka kumi kabla yake alitoa kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Humo anamtaja mwanachuoni, walimu waliomsomesha, na wanafunzi aliowaacha. Walimu wa madrasa zetu wa leo hawamo katika daftari lolote la namna hiyo, si la mashekhe wala la serikali.