Sewa Haji, tajiri aliyewakumbuka wagonjwa wasio na kitu

Huku kwetu Taru ukizidiwa usiku, kwanza unasaka nauli ya boda hadi Kinango, dawa utafikiria baadaye. Ndio maana leo nawapa stori ya Sewa Haji Paroo.

Jamaa alizaliwa 1851, familia ya Wahindi Waismailia. Pale Bagamoyo akawa mtu wa misafara: wasafiri wa bara walichukua kwake bidhaa na wapagazi. Alitajirika kweli, na utajiri wenyewe ulibebwa mabegani mwa watu maskini.

Lakini pesa hazikuishia mfukoni. Alitoa shule Bagamoyo, akataka watoto wa rangi zote wasome humo. Kisha akagharamia hospitali Dar es Salaam. Akafariki Februari 1897, hata miaka 50 hajafika, na kwenye wosia akaacha mali ili kipato chake kihudumie wagonjwa maskini na wenye ukoma.

Hapo ndipo alipotushinda. Kukata utepe ni rahisi. Kazi ni nani atalipia dawa na chakula cha kesho. Leo Muhimbili kuna jengo linaitwa Sewahaji. Zahanati bila dawa, wadau, ni kuta tu.