Askofu Gabriel Grison, Mjenzi wa Misioni ya Mtakatifu Gabrieli

Mtu afikaye Kisangani huliona kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari karibu na mto Kongo. Wengi hulitazama na kulisifu, lakini si wote wajuao habari za mtu aliyeanzisha kazi ya Mungu katika nchi ile. Huyo ni Askofu Gabriel Grison.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1860, mkesha wa Noeli. Alipokuwa padri aliingia shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, lililoanzishwa na Padri Dehon. Mwaka 1888 alitumwa Ekwado, katika Amerika ya Kusini. Huko, katika mji mkuu wa Quito, yamo makanisa na nyumba za watawa za zamani, zilizojengwa kwa mawe na kupambwa ndani kwa dhahabu. Lakini mwaka 1896 serikali mpya iliwafukuza wamisionari wale, naye akarudi Ulaya mikono mitupu.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1897 aliingia melini, akaja Kongo, akapanda mto hata karibu na maporomoko. Aliwakuta watu wenye majeraha. Zamani misafara ya Tippu Tip ilipita huko ikitafuta pembe na watumwa. Kisha serikali ya mfalme Leopold II ikawalazimisha watu kutafuta mpira msituni, na wengi wakateswa. Si ajabu walimwogopa kila mgeni.

Siku ya Noeli ya mwaka ule ule misioni ya Mtakatifu Gabrieli ilianzishwa. Hapakuwa na mawe wala dhahabu, ila miti, udongo na majani. Nyumba za namna hiyo huliwa na mchwa na kuozeshwa na mvua. Ndiyo sababu wamisionari walifinyanga matofali, wakayaanika, kisha wakayapanga katika tanuru na kuyachoma. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa udongo; lililopita motoni hudumu.

Moto wa Padri Grison na wenzake ulikuwa taabu. Homa iliwashika, na wengi walikufa wangali vijana. Yeye akabaki. Mwaka 1908 aliwekwa kuwa askofu, na nchi aliyoichunga ilikuwa kubwa mno, yenye misitu na mito mingi. Padri alifika kijijini mara chache tu. Aliyekaa na watu, akiwafundisha sala na kuwaangalia wagonjwa, ni katekista.

Mwaka 1933 aliacha uaskofu kwa sababu ya uzee. Hakutafuta raha ugenini, kwani Kongo ilikuwa imekwisha kuwa kwao. Alikufa huko tarehe 13 Februari 1942, mwenye umri wa miaka 81.

Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, wamisionari wengi wa shirika lake waliuawa katika nchi hiyo. Lakini Kanisa halikuanguka, kwa maana halikusimama juu ya matofali tu.

Basi, wewe unayengoja ubatizo, usinung'unike kwamba miaka ya mafundisho ni mirefu. Tofali halitolewi tanurini kabla ya wakati wake. Vumilia, upate kuwekwa imara katika ukuta wa nyumba ya Mungu.