NATHANAEL HERRESHOFF: MSOMI ALIYESHIKA PATASI

Wahenga walisema kuwa chanda chema huvikwa pete. Ndugu msomaji, leo nakuletea maisha ya mtu ambaye vidole vyake vilimpatia sifa baharini. Huyu si mwingine ila Nathanael Herreshoff, bingwa wa kuunda mashua za matanga za kifahari.

Alizaliwa tarehe 18 Machi 1848 katika mji wa Bristol, jimbo la Rhode Island, Marekani. Babake alipenda mashua kufa kupona. Kwa bahati mbaya, upofu uliingia katika nyumba hiyo ukawapata watoto kadhaa. Kakake, John, alipofuka kabisa akiwa kijana wa miaka kama 15. Je, alikaa kitako akalia? La hasha! Aliendelea kuunda mashua, na Nathanael, mdogo wake kwa miaka 7 hivi, akawa ndiye macho yake.

Nathanael alisomea uhandisi katika chuo cha MIT, kisha akaajiriwa na kampuni ya injini za mvuke ya Corliss mjini Providence. Mnamo 1878 aliacha mshahara huo, akaungana na John wakaanzisha kampuni yao. John alishika pesa na wateja, naye Nathanael akashika ufundi.

Sasa alifanyaje kazi? Kumbe hakuanza na karatasi! Alichukua kipande cha mti akachonga mashua ndogo ya ubavu mmoja tu, kwani ubavu wa pili ni sawa na wa kwanza. Alikipima kwa kifaa maalum na kuandika vipimo daftarini. John naye alikipapasa kwa vidole, akatambua umbo lake lote. Baadaye mafundi walitengeneza kalibu kwa kila taruma, na mashua ikaundwa kifudifudi, mkuku ukitazama juu. Mashua nyingi zilipigwa mbao tabaka mbili zikakazwa kwa skrubu. Hata matanga yalishonwa papo hapo kiwandani.

Lakini maisha si lelemama. Mwaka wa 1888 alikuwa akijaribu mwendo wa mashua ya mvuke iitwayo Say When. Vali ya usalama ilipofunguka, yeye aliifunga ili mashua ifikie kasi aliyoitaka. Boila ililipuka na mtu mmoja akapoteza maisha. Herreshoff alinyang'anywa leseni ya uhandisi wa mvuke. Haraka haraka haina baraka, tena hapo iligharimu roho ya mtu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1891, alitoa mashua ya matanga iitwayo Gloriana iliyoshinda kila mahali. Kuanzia 1893 hadi 1920, mashua zake tano zilitetea Kombe la Amerika mara sita bila kushindwa: Vigilant, Defender, Columbia (mara mbili), Reliance na Resolute. Mara nne kati ya hizo aliyeshindwa alikuwa Sir Thomas Lipton wa Uingereza, yule yule wa majani ya chai! Reliance, ya mwaka wa 1903, ilibeba matanga ya karibu mita mraba 1,500 na mabaharia zaidi ya 60.

Wanaosoma Kemia watapenda kisa cha Defender. Chini ilikuwa ya bronzi na juu ya alumini ili iwe nyepesi. Ilishinda mwaka wa 1895, lakini metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa. Kufikia 1901 ilivunjwavunjwa.

Mwaka wa 1914 alibuni mashua ndogo ya kuwafunza watoto kusafiri kwa matanga. Hadi leo mashua za aina hiyo zingali zinaundwa. John alifariki mwaka wa 1915, na Nathanael akaaga dunia tarehe 2 Juni 1938, akiwa na umri wa miaka 90. Mjini Bristol kuna makumbusho ya kazi yao.

Wenzangu, wengi wetu hudhani kwamba randa na patasi ni za waliofeli mtihani. Basi mtazameni huyu, aliyetoka chuo kikuu akachonga mti, na kakake kipofu aliyepima mashua kwa vidole. Mchagua jembe si mkulima. Tusidharau kazi ya mikono.