*DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mama Aliyeomba Wino na Karatasi*



Ndugu zangu waumini wa Handeni na Korogwe, kina baba, kina mama na vijana wetu. Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametufikisha katikati ya mwezi. Tumuombe atufikishe mwisho wake tukiwa salama.

Juzi baada ya tarawehe mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti, mtoto mgongoni. Akaniambia Ramadhani hii hajaswali tarawehe hata usiku mmoja mpaka mwisho. Mtoto ana homa, mkubwa anasumbua, saa tisa usiku yuko jikoni kwa ajili ya daku, alasiri yuko jikoni tena kwa ajili ya futari. Msahafu wake bado uko juzuu ya pili. Aliuliza kama mwezi huu unampita hivi hivi. Nilimjibu kwa ufupi, lakini nikamuahidi kwamba jibu kamili nitalileta hapa, maana najua hayuko peke yake.

Jibu lenyewe nitalitoa kwa kisa cha mama mmoja wa pwani yetu hii, aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Wengi mmelisikia jina lake shuleni: Mwana Kupona binti Mshamu.

Mwana Kupona alizaliwa Pate, katika visiwa vya Lamu, mapema katika karne ya 19. Pate na Siyu ilikuwa miji ya wanazuoni, mafundi na watunzi wa tenzi. Aliolewa na mtawala wa Siyu, ambaye watu walimwita Bwana Mataka. Sasa msidhani aliingia kwenye ndoa ya raha tupu. Bwana Mataka alikuwa mpinzani mkubwa wa Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar. Miaka ya 1840 Sayyid Said alipeleka majeshi Siyu, na Siyu ikayashinda. Kwa hiyo mama huyu alilea watoto katika mji ambao leo wana amani, kesho majahazi ya vita yako baharini. Binti yake, Mwana Hashima, alizaliwa karibu mwaka 1841, katika miaka hiyo hiyo ya misukosuko. Alikuwa na mtoto wa kiume pia.

Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki. Mwana Kupona akabaki mjane. Ugomvi wa Siyu na Zanzibar haukuisha kwa kifo cha mumewe, na ile nguvu ya nyumba ya mtawala ikaanza kuyumba. Juu ya hayo, yeye mwenyewe akaugua. Haikuwa homa ya siku mbili. Alilala na maradhi mwaka mzima.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mjane, mgonjwa, mji hauna utulivu, binti ana kama miaka 17, yuko mlangoni mwa maisha ya ndoa. Mama anajua huenda asiwepo siku binti yake atakapopata tatizo la kwanza ndani ya nyumba yake. Ni mama gani hapa kwetu asiyeijua hofu hiyo? Mama anayeondoka alfajiri na ndoo kwenda lambo, kiangazi cha Handeni kinapokaza, anaijua. Mama aliyesomesha watoto kwa kibarua cha mkonge kule Korogwe anaijua. Mwili umechoka, lakini fikra haziko kwenye mwili, ziko kwa mtoto: nikiondoka mimi, huyu atakuwa mgeni wa nani?

Mwana Kupona hakuwa na nguvu ya kusimama. Lakini akili alikuwa nayo, dini alikuwa nayo, na ulimi wa Kiswahili alikuwa nao. Akamwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi, kwa sababu moyoni mwake kuna jambo anataka kumuachia. Akaanza kwa jina la Allah, akamsalia Mtume (s.a.w.), akamkumbusha kwamba dunia hii si yetu na hakuna atakayedumu ndani yake. Halafu akaanza kumvisha nasaha moja moja, kama mama anavyomvisha bintiye mapambo siku ya harusi. Ndiyo huo tunaouita Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858. Una beti mia moja na mbili.

Alimwambia nini? La kwanza, ashike dini, faradhi asiziache, na sunna akiweza. La pili, awe na adabu na ulimi mzuri ili apendwe kila aingiapo. Awe mkweli. Ajiepushe na wasengenyaji. Akamtajia watano ambao anatakiwa awaridhishe: Mwenyezi Mungu, kisha Mtume wake, kisha baba, kisha mama, na wa tano mume. Akamuelekeza usafi wa nyumba na wa mwili, namna ya kuishi na mume kwa upole, namna ya kuwatazama jamaa na masikini.

Hapa nina neno na kina baba. Kuna wenzetu wakiusikia utendi huu wanashika sehemu ya mume tu, wanairudia mbele ya wake zao kama vile ni hati ya kesi. Jamani, someni mpangilio wake. Mama ametangulia kabla ya mume. Na aliyetunga hakuwa mume anayedai haki zake. Ni mama mgonjwa anayetafuta njia ya kumkinga mwanawe, ili akiingia kwenye nyumba ya watu apate amani. Baadhi ya maneno yake ni ya zama zile, zama za watumwa na mabibi wa majumba makubwa, na hayo tunayaacha na zama zake. Lakini ile huruma haijazeeka. Mwanaume anayetumia huruma ya mama kumkandamiza binti wa mama mwingine, hajauelewa utendi.

Baada ya nasaha akamsimulia binti maisha yake na baba yake: walivyoishi kwa kuridhiana, na majonzi yaliyompata alipomkosa. Kisha, na hii ndiyo sehemu inayonigusa zaidi, akaacha kuzungumza na binti, akageuka kuzungumza na Mola wake. Dua ndefu sana. Akaomba watoto wake wahifadhiwe, akaombea ndugu zake na Waislamu, akaomba aponywe, akaomba mwisho mwema. Mama anapofika mwisho wa uwezo wake ndipo anapofika hapo: anamkabidhi mtoto kwa Yule asiyelala.

Miaka michache baadaye Mwana Kupona akafariki. Katika miaka ya 1860 Siyu nayo ikaingia chini ya Sultani wa Zanzibar. Utawala ule waliouminia damu ukaisha. Kilichobaki ni nini? Ni zile karatasi za mama mgonjwa. Wanawake walizinakili kwa mkono, wakazisoma, wakawasomea mabinti zao. Mwaka 1934 utendi ukachapwa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hapa kwetu Tanga, Shaaban Robert naye alipofiwa na mkewe na kubaki na watoto, alifuata njia hiyo hiyo: akamtungia bintiye Mwanjaa utenzi wa Hati, na mwanawe Hamza utenzi wa Adili.

Sasa nirudi kwa yule mama wa nje ya msikiti.

Mama yangu, Qur'ani katika Suratu Luqman imetaja mimba yako na kunyonyesha kwako, udhaifu juu ya udhaifu, mpaka mtoto anaachishwa ziwa baada ya miaka miwili. Na imetaja hayo katikati ya nasaha za Luqman kwa mwanawe. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni nani anayestahiki zaidi kukaliwa kwa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Na Bibi Aisha (r.a.) alisimulia mwanamke masikini aliyekuja na mabinti zake wawili akapewa tende moja, akaigawa kwa wanawe, yeye asile kitu. Mtume akafahamisha kwamba anayetahiniwa kwa mabinti akawafanyia wema, hao watakuwa kinga yake na Moto. Tazama: hakuna tarawehe katika kisa hicho, hakuna khitma. Kuna tende moja na njaa ya mama.

Na tunajua mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Mwana Kupona, akiwa kitandani, alishughulikia mbili kati ya hizo kwa karatasi moja. Mimi nafundisha madrasa, na nawaambia ukweli: wiki ya kwanza tu namjua mtoto aliyefundishwa Fatiha na mama yake jikoni. Mimi namsahihishia matamshi, lakini ile thawabu ya kwanza imeshachukuliwa, na aliyeichukua anapepeta mchele nyumbani.

Kwa hiyo Ramadhani haikupiti. Mtie nia: hilo jiko lako ni la kufuturisha waliofunga, na huko kukesha na mgonjwa ni ibada. Soma aya tatu ukipata nafasi, na adhkari ulimi unaziweza hata mikono ikiwa kwenye unga. Na kina mama wenye mimba na wanaonyonyesha, mkiogopea afya dini imewaruhusu kufungua na kulipa baadaye. Aliyefungua kwa kumhofia mtoto tu, katika madhehebu yetu ya Shafi analipa na kutoa fidia. Mje muulize, msijitese kwa aibu.

*Kazi ya leo:*

1. Kina mama: Mwana Kupona aliomba wino na karatasi, nyinyi mna simu mkononi. Kabla mwezi haujaisha, mrekodie mwanao nasaha yako kwa sauti yako, hata dakika tano. Ataisikiliza siku haupo.

2. Kina baba na vijana: leo futari moja ipikeni nyinyi, hata kama ni uji na mihogo tu, mama aende tarawehe. Watoto tutabaki nao sisi.

3. Mwenye mama aliye hai, ampigie kabla ya magharibi. Ambaye mama yake ametangulia, amuombee wakati wa kufuturu, ni wakati wa kukubaliwa dua.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Walio wagonjwa waponye, wajane wape mlinzi, waliotangulia watie nuru makaburini mwao. Mrehemu Mwana Kupona na kila mama aliyeacha neno jema kwa mwanawe. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho in sha Allah. Mtumie na mwenzako darsa hili. 🌙