Dakta Williamson na Mwamba wa Mwadui

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Katika Chuo Kikuu cha McGill alikusudia kusoma sheria, lakini akavutwa na elimu ya miamba, na mwaka 1933 akapata shahada ya udaktari wa jiolojia. Baadaye alikuja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, kisha Tanganyika, katika machimbo madogo ya almasi ya Mabuki.

Williamson alijua kwamba almasi haizaliwi mtoni. Huumbika zaidi ya kilometa 140 chini ya ardhi, penye joto na shinikizo kubwa mno. Magma iitwayo kimbalaiti huipandisha juu kwa mlipuko wa volkano, kisha huganda katika shimo lenye umbo la karoti. Kwa hiyo yeye na wafanyakazi wake walichimba mchanga, wakauosha na kuuchekecha, wakitafuta ilmenaiti, punje nyeusi nzito ambazo hufuatana na kimbalaiti. Fedha zilipungua, malaria ikamsumbua, lakini hakuacha. Mwaka 1940 walifika Mwadui, Shinyanga, penye mwamba wenye ukubwa wa hekta 146 hivi.

Mwaka 1954 wanasayansi wa Marekani walitengeneza almasi maabarani kwa shinikizo na joto. Yale ambayo wanajiolojia waliyasoma katika mawe yakaonekana kwa vitendo. Williamson alifariki Mwadui Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50.

Mwalimu, usimfundishe mtu huyu kana kwamba alikuwa peke yake. Mchanga ule uliooshwa na mikono ya Waafrika wengi ambao vitabu havikutunza majina yao. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui ilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Waulize wanafunzi ni nani aliyenufaika na jasho lile.

Pale Masumbwe watoto huwaona wachimbaji wadogo wakibeba mawe ya dhahabu. Usiwapeleke kwenye mashimo, kwani mashimo huua. Waambie walete mchanga wa korongo, wauoshe polepole katika karai, watazame punje zipi hubaki chini, na waeleze kwa nini. Punje nyepesi zitachukuliwa na maji, na nzito zitabaki. Mtoto atakayeigundua sababu hiyo mwenyewe atakuwa ameanza pale alipoanzia Williamson.