Albin Lambotte: Daktari Aliyeifundisha Dunia Kuunga Mifupa kwa Vyuma

Kila siku katika hospitali za nchi mbalimbali, Tanzania ikiwemo, wagonjwa waliovunjika mkono, kiganja au vidole huingizwa chumba cha upasuaji na kuwekewa vyuma. Wengi hutoka wakiwa na bamba dogo na skrubu kadhaa chini ya ngozi, na baada ya muda hurejea kushika jembe, usukani au kalamu. Huduma hiyo ambayo leo inaonekana kuwa ya kawaida ilipata msingi wake kutokana na juhudi za watu wachache, na miongoni mwao ni daktari wa upasuaji wa Ubelgiji, Albin Lambotte.

Lambotte alizaliwa mwaka 1866 mjini Brussels. Baba yake alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu katika masuala ya maumbile ya wanyama, lakini alifariki dunia Albin akiwa bado mtoto. Kaka yake mkubwa, Elie, aliyekuwa daktari wa upasuaji, ndiye aliyemshika mkono na kumwingiza katika taaluma. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, Albin alifanya kazi pamoja na kaka yake katika hospitali ya Schaerbeek, jirani na Brussels, na huko akajifunza kuwa mkono wa daktari unahitaji mazoezi kama unavyohitaji elimu ya vitabuni.

Mwaka 1890 alihamia Antwerp na kuanza kazi katika hospitali ya Stuivenberg. Antwerp ni mji wa bandari, na katika miaka hiyo mizigo ilishushwa melini kwa nguvu za watu. Kwa mtu anayeishi kwa kubeba na kuvuta, mkono uliounga vibaya ulikuwa na maana ya kukosa kazi na familia kukosa chakula. Sheria ya Ubelgiji ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini ilipitishwa mwaka 1903, na kabla ya hapo mfanyakazi aliyelemaa hakuwa na ulinzi wa uhakika wa kisheria.

Tiba ya kuvunjika mifupa katika zama hizo ilikuwa kuuvuta mfupa ukae sawa kadiri mkono wa daktari ulivyoweza kukadiria kupitia ngozi, kisha kiungo kikafungwa kwa banzi au kwa plasta ya jasi, ile ambayo wengi huiita hogo. Mgonjwa alisubiri wiki nyingi bila kusogeza kiungo. Wengine walipona vizuri. Wengine walifunguliwa wakiwa na mfupa uliopinda au uliofupika, na viungo vya karibu vilikuwa vimekakamaa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Mwaka 1895 ugunduzi wa eksirei uliwawezesha madaktari kuona yaliyojificha, na picha zikadhihirisha kuwa mifupa mingi iliyodhaniwa kuwa imenyooka ilikuwa imeunga kombo.

Jibu la Lambotte lilikuwa kufungua ngozi, kuvipanga vipande vya mfupa kama vilivyokuwa kabla ya ajali na kuvifunga kwa chuma. Jibu hilo lilikuwa na hatari kubwa, kwa kuwa dawa za kuua bakteria mwilini zilikuwa bado hazijapatikana. Mfupa uliovunjika bila ngozi kuchanika mara nyingi ulikuwa salama dhidi ya uchafu. Daktari aliyeufungua kwa kisu alikuwa anaweza kuingiza vijidudu ambavyo vingeleta usaha, kukatwa kwa kiungo au kifo. Kwa sababu hiyo madaktari wengi waliona kuwa kumfungua mgonjwa wa namna hiyo ni kumhatarisha bila sababu.

Lambotte hakuyapuuza mashaka hayo. Alishikilia usafi mkali wa vifaa na wa chumba cha upasuaji, na akaweka kumbukumbu za wagonjwa wake ili matokeo yapimwe na wenzake. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu upasuaji wa mifupa iliyovunjika, na mwaka 1913 akatoa kingine kikubwa zaidi. Kupitia kazi zake, neno osteosinthesisi, lenye maana ya kuunga mfupa kwa njia ya upasuaji, lilienea katika lugha ya madaktari duniani.

Hakuwa wa kwanza kutumia chuma katika mfupa. Mjerumani Carl Hansmann alieleza matumizi ya bamba na skrubu mwaka 1886, na mjini London, William Arbuthnot Lane alikuwa akifanya kazi ya aina hiyo hiyo katika miaka ya Lambotte. Mchango wa pekee wa Lambotte ulikuwa kuigeuza kazi hiyo kuwa utaratibu kamili: kila aina ya mvunjiko ilipangiwa njia yake, kifaa chake na hatua zake.

Vifaa hivyo havikuwepo sokoni, hivyo alivibuni mwenyewe. Lambotte alikuwa fundi hodari mwenye karakana yake, na alijua kufua chuma na kukereza. Katika muda wake wa mapumziko alitengeneza fidla, na kazi yake hiyo ilipata sifa. Anayetengeneza fidla hujifunza kuwa kipande cha mti kikipishana na mwenzake kwa unene wa unywele, chombo huharibika. Umakini huo aliupeleka hospitalini, akatengeneza vishikizo vya mfupa, keekee, mabamba na skrubu kwa kadiri ya kiungo alichokusudia kukitibu.

Mwaka 1902 alianza kutumia kifaa kingine, ambacho sehemu yake kubwa hukaa nje ya mwili. Skrubu ndefu huingizwa katika mfupa juu na chini ya mvunjiko, kisha ncha zake zinazotokeza nje ya ngozi hufungwa pamoja kwa ufito wa chuma. Mfupa hutulia bila chuma kukaa juu ya sehemu iliyoumia. Hadi leo kifaa cha namna hiyo hutumika hasa pale ambapo ajali imechana ngozi na kuingiza uchafu, kwa kuwa kidonda hubaki wazi kusafishwa huku mfupa ukiwa umeshikiliwa.

Si kila jaribio lake lilifanikiwa. Mwili una chumvi na maji, na chuma kinachodumu karakanani huweza kuharibika kikiwa ndani ya mtu. Lambotte alijaribu madini mbalimbali, yakiwemo shaba, alumini, fedha na chuma kilichopakwa nikeli au dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alimwekea kijana aliyevunjika mguu bamba la magnesi lililofungwa kwa misumari ya chuma kilichopakwa dhahabu. Katika muda wa siku nane bamba lilisambaratika na gesi nyingi ikajaa chini ya ngozi. Sababu ilikuwa kukutana kwa madini mawili tofauti ndani ya majimaji ya mwili, jambo linalozalisha umeme mdogo kama ule wa betri na kuliharakisha moja kati ya hayo kuliwa.

Lambotte hakulificha tukio hilo. Alilitangaza kwa wenzake, na miaka mingi baadaye yeye na msaidizi wake, Jean Verbrugge, walirudi kwenye magnesi wakiitumia peke yake, bila kuichanganya na chuma kingine. Waliitumia kwa watoto waliovunjika mkono karibu na kiwiko, wakikusudia chuma kiyeyuke chenyewe mwilini baada ya mfupa kuunga, ili mtoto asihitaji kupasuliwa mara ya pili kukitoa. Wazo hilo lilikaa kando kwa miongo mingi. Katika muongo wa 2010 skrubu za magnesi zilipata kibali cha kutumika kwa wagonjwa barani Ulaya.

Lambotte alifariki dunia mwaka 1955 akikaribia umri wa miaka 90. Kazi yake ilikuwa imekwisha kupata warithi. Mbelgiji mwenzake, Robert Danis, alionesha kuwa vipande vya mfupa vikibanwa kwa nguvu huunga vizuri, na kitabu chake cha mwaka 1949 kikamvutia daktari kijana wa Uswisi, Maurice Müller. Mwaka 1958 Müller na wenzake waliunda kikundi cha AO, kilichoweka viwango vya vifaa na mafunzo ya upasuaji wa mifupa vinavyofuatwa hadi sasa katika nchi nyingi.

Kutokana na msingi huo, vyuma hutumika pia kuunga viungo viwili viwe mfupa mmoja, pale ambapo kiungo kimeharibiwa na ajali au maradhi na kila kukisogeza ni maumivu. Katika kifundo cha mkono, daktari huondoa gegedu lililobaki, kisha huweka bamba kuanzia mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha kati hadi mfupa wa mkono upande wa dole gumba. Mgonjwa hupoteza uwezo wa kukunja kifundo, lakini hubaki na uwezo wa kugeuza kiganja juu na chini, na nguvu ya kushika hurejea bila maumivu. Kwa vidole, mara nyingi nyaya nyembamba au skrubu ndogo hutosha.

Nchini Tanzania, tiba za aina hii hutolewa katika hospitali zenye wataalamu wa mifupa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Wananchi wanapaswa kufahamu kuwa chuma hakiungi mfupa. Kazi ya chuma ni kuushikilia mfupa utulie wakati mwili wenyewe unajenga mfupa mpya, na mgonjwa anayekipa mzigo mkubwa kabla ya wakati huweza kukivunja hata kama kimewekwa kwa ustadi. Ndiyo maana kuwahi hospitali baada ya ajali, kutunza kidonda kikiwa safi na kurudi kliniki kwa tarehe zilizopangwa ni sehemu ya tiba yenyewe, sawa na upasuaji uliofanyika.